Umeme wa Shemeji

Shemeji yangu Lindsay Tregenza alikaa kwenye mizani ya ghala la ngano miaka thelathini na nne. Lori linaingia, anapima. Lori linatoka, anapima tena. Alipostaafu hakukuwa na lori la kupima, basi akaanza kupima umeme. Nyumba yao ya magurudumu ina paneli nne za sola juu ya paa, betri mbili kubwa chini ya kitanda, dishi la intaneti ya setilaiti, na kijisanduku chenye kioo kinachoonyesha asilimia ya umeme uliobaki. Kile kijisanduku ndicho mke wake wa pili. Asubuhi hukisalimia kabla ya kumsalimia dada yangu.

Kwa hiyo msidhani tulikuwa hatuna umeme. Umeme ulikuwapo tele, ila haukuruhusiwa kutumika.

Mimi naitwa Merle. Tangu mume wangu afariki, dada Glenys na Lindsay hunichukua kila mwezi wa nane, tunaikimbia baridi ya kwetu Rasi ya Yorke, kusini mwa nchi, na kupanda kaskazini kwenye jua. Wao hulala ndani, mimi nalala kwenye hema pembeni, na sauti zote nazisikia.

"Lindsay, naomba nichaji simu."

"Ina ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili! Glenys, hiyo simu imeshiba."

Intaneti ilikuwa inawashwa dakika kumi kwa siku, baada ya chai ya asubuhi. Lindsay alisimama na saa mkononi kama msimamizi wa mtihani. "Andikeni kabisa majibu yenu kabla sijawasha," alituambia. "Sitaki mtu anakaa anafikiria kwa umeme wangu." Na kulipia kiwanja cha kambi chenye soketi, kama wafanyavyo wasafiri wengine wenye akili zao, alikataa miaka kumi na moja mfululizo. Alisema hawezi kulipia kitu ambacho jua linampa bure. Jua lilimpa, kweli. Yeye ndiye hakutupa sisi.

Sasa niwaambie habari ya kiatu, maana ndicho kilichotutia wazimu mwaka ule.

Baba yetu, Perce Hosking, alicheza mpira wetu wa yai katika timu ya Pendarra. Mwaka wa sitini na moja, kwenye fainali, alifunga goli la ushindi dakika ya mwisho kwa kiatu ambacho soli yake ilikuwa imefungwa kwa waya. Mji mzima ulimbeba juu juu. Alipokufa, mama akakitoa kile kiatu kwa klabu, kikapakwa rangi ya dhahabu, kikawa zawadi ya mshindi wa mkeka wa mwaka. Mkeka wetu hauna pesa. Kila Jumamosi unabashiri nani atashinda katika mechi nne za ligi ya huku kwetu, unatuma kwenye ukurasa wa klabu kabla ya saa nane mchana, basi. Asiyetuma hupewa timu zote nne zinazocheza ugenini. Ni sheria ya zamani, iliwekwa kuwasaidia walevi.

Mshindi wa miaka tisa mfululizo alikuwa Coralie, dada yake Lindsay, yaani wifi yake Glenys. Na mnajua alikiweka wapi kiatu cha baba? Chooni. Juu ya tangi la maji, kimejazwa udongo na kupandwa dungusi kakati. Kiatu kilichobebwa na mji mzima kinakaa kutazama watu wakijisaidia. Kila Krismasi dada yangu alitoka kwenye choo cha wifi yake macho mekundu, na Coralie akauliza kwa sauti ya sukari, "Wifi, tumbo tena?"

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho. Vijana wamehama, klabu ya Pendarra inaunganishwa na ya jirani, na ilitangazwa kwamba safari hii mshindi anakichukua kiatu moja kwa moja. Ikabaki raundi moja. Dada Glenys alikuwa anaongoza, amemzidi Coralie pointi moja. Alikuwa mtu wa mapokezi kwenye zahanati kwa miaka mingi, hivyo anajua goti la kila mchezaji wa wilaya. Majina ya wanaocheza hutolewa Jumamosi asubuhi, ndiyo maana yeye hungoja hadi Jumamosi kutuma.

Ijumaa hiyo tulikuwa tumepiga kambi kwenye ranchi moja kando ya barabara ya Tanami, katikati ya nchi, mtandao wa simu hakuna kabisa. Lindsay aliegesha chini ya mkaratusi mkubwa kwa sababu, kwa maneno yake, betri hazipendi joto. Kwamba paneli zilizo juu ya paa zinapenda jua, hilo lilimpita.

Saa kumi na moja jioni, kama ilivyo desturi yetu sisi wazee wa kuzurura, kila mtu alitoka na kiti chake na kinywaji chake tukakaa duara. Ndipo alipoingia mgeni, Errol, mtu wa jimbo la Queensland, ana tumbo na kicheko.

"Una paneli ngapi, mzee mwenzangu?" Errol akauliza, hata kabla ya kukaa.

"Nne," akasema Lindsay.

"Aa. Si mbaya kwa kuanzia. Mimi nina sita. Na betri tatu."

Shemeji yangu akaweka kinywaji chake chini. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na jiko la umeme la kuokea ambalo tangu linunuliwe halijawahi kuwashwa. Plastiki ilikuwa bado kwenye mlango. "Glenys," akaita, "wapikie watu pasti!" Dada akaoka pasti za nyama na viazi za watu kumi na wanne. Lindsay akawasha mashine ya kahawa. Akawasha blenda, mama mmoja akasagiwa barafu ya pombe yake mara tatu. Akatundika taa za rangi. Kisha, Mungu anisamehe, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Nani simu yake inataka chaji? Leteni, leteni, msione haya!" Simu kumi na moja za watu tusiowajua zikajipanga mezani kwetu zikinyonya kama watoto wa nguruwe.

Dada akaja na yake. Lindsay akamwinamia sikioni. "Wewe ni wa nyumbani, mama. Kesho. Acha kwanza watu washibe."

"Kesho ndiyo Jumamosi, Lindsay."

"Nina umeme wa kulisha jeshi. Usiniaibishe."

Asubuhi kijisanduku kilikuwa cheusi. Si asilimia ndogo, la, cheusi. Na gari nalo halikuwaka, kwa sababu lilikuwa limeungwa na nyumba usiku kucha, na kile kifaa cha kuzuia betri ya gari isinyonywe Lindsay alikwisha kukitoa mwenyewe, akidai kinamwibia. Simu ya dada ilikuwa na asilimia tisa.

"Nipe saa moja," Lindsay akasema, akapanda juu ya paa na kitambaa. Saa moja ikawa mbili, mbili zikawa nne. Mkaratusi ule kivuli chake kilikuwa kizuri mno.

Dada yangu si mtu wa kupiga kelele. Alisimama chini ya ngazi akaongea kama anayesoma orodha ya wagonjwa. "Watu kumi na mmoja wameondoka mezani kwetu jana simu zao zimejaa, Lindsay. Hata yule babu wa Tasmania ambaye hajui kuiwasha ya kwake. Mimi nimelala na wewe miaka arobaini na mbili. Nina asilimia tisa."

"Errol anaweza kuliwasha gari letu kwa betri yake," nikasema.

"Umeme wa Queensland hauingii kwenye gari langu," akajibu shemeji kutoka juu ya paa.

Dada akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Errol. Errol intaneti hakuwa nayo. "Mama zangu, mimi nimekuja huku kuwakimbia wanangu, ninunue mtandao wa nini?" Simu yake angetukopesha, lakini nywila ya ule ukurasa dada haijui, inajulikana na simu yake peke yake. Ila Errol alijua kwamba kilomita sabini mbele, karibu na kijiji cha Wawarlpiri, wenyeji wa asili wa huko, kuna dishi la barabarani la kukamatia mtandao. "Pandeni. Utachaji njiani."

"Merle, chukua waya wangu!" dada akapiga kelele, tayari yuko garini.

Hapa naomba nisemwe na mimi. Lindsay ana sanduku lenye nyaya arobaini, zote nyeusi, zote zimejisokota. Nikatia mkono, nikachomoa mmoja, nikakimbia. Tulipokuwa tumeshachukua kilomita kumi, dada akajaribu kuuchomeka. Haukuingia. Ulikuwa wa mashine ya Lindsay ya kunyolea nywele za puani. Na ule wa Errol ulikuwa wa simu mpya mpya, simu ya dada ni ya zamani. Barabara ilikuwa ya mawimbi, meno yanagongana, na mimi nilitamani mlango ufunguke nianguke.

"Izime kwanza," Errol akasema kwa upole. "Utaiwasha tukifika."

Dishi lenyewe halina umeme wala betri. Ni chuma kilichopinda kimeelekezwa kwenye mnara wa mbali, na mbele yake kuna kishikizo cha kulaza simu. Ukiiinua tu, mtandao unapotea. Kwa hiyo lazima uiache pale, uongee kwa spika, na foleni yote isikie mambo yako. Tulimkuta dereva wa lori akisutwa na mkewe habari za mbwa. "Nilikwambia umfunge!" mke alisema, na sisi sote tulitazama chini. Nyuma ya dereva kulikuwa na mama mmoja mwenye fulana ya mpira iliyopauka, mbwa wanne miguuni. Alituambia tumwite Nakamarra.

"Mnapiga hospitali?" akauliza, alipoona uso wa dada.

"Hapana. Mkeka wa mpira. Unafungwa saa nane."

Nakamarra akaangalia saa. Zilibaki dakika kumi na tano. Akamgonga dereva mgongoni. "We! Mbwa kashapotea, huyo. Toka hapo, kuna mtu ana shida ya maana."

Dada akailaza simu, akaiwasha. Asilimia saba. Ukurasa ukafunguka kwa mwendo wa konokono, mstari mmoja mmoja, majina ya wachezaji. Dada alikuwa ameinama kama anayechungulia tanuri, anabonyeza kwa kidole kimoja, midomo ikicheza: huyu goti, huyu bega, huyu ana harusi. Mechi ya kwanza akachagua. Ya pili. Ya tatu.

Simu ikaita. Coralie.

Mtandao ule ulikuwa hauwezi mambo mawili. Simu ikiingia, ukurasa unasimama. Kidole cha dada kikakosea kikapokea badala ya kukata, na sauti ya wifi yake ikatapakaa jangwani.

"Wifiii! Naangalia hapa naona hujatuma. Nikasema nisije nikashinda bure, watu wakasema. Mko salama? Kaka yangu anakulisha?"

"Coralie, kata simu."

"Nimekisugua kiatu leo, kinang'aa! Nafikiri nitabadilisha ile dungusi, niweke—"

"Huyu ni nani?" Nakamarra akauliza.

"Wifi yangu."

Nakamarra akanyoosha kidole chake kirefu akaikata. "Wifi," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Asilimia mbili. Imebaki mechi ya nne: Pendarra, nyumbani, mechi yao ya mwisho duniani, dhidi ya wale wanaoongoza ligi. Mwaka mzima dada alikuwa ameibashiria Pendarra kufungwa, na ndiyo maana alikuwa anaongoza. Kidole kikaenda kwa wapinzani.

"Hao wa nyumbani ni timu ya nani?" Nakamarra akauliza begani kwake.

"Ya baba yangu."

"Na ni mechi yao ya mwisho?"

"Ndiyo, lakini wabovu. Goti la—"

"Wewe mama, una haya kweli? Siku ya mwisho! Hata hawa mbwa wangu hawawezi."

"Mwache achague anavyotaka," nikasema. Sikuongeza neno, kwa sababu nilikuwa nafikiri vilevile kama Nakamarra.

Dada yangu akashusha pumzi. Akachagua Pendarra. Akabonyeza kutuma. Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo, likazunguka, likazunguka, na simu ikazimika.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika mbili. Je, mkeka umefika au haujafika? Hatukujua. Tungempigia mtu wa klabu kwa simu ya Errol, lakini namba zote zilikuwa ndani ya ile iliyokufa, na yangu ilikuwa hemani, imekufa tangu juzi. Namba pekee dada aliyoikumbuka kichwani ni ya nyumba ya baba, ambayo iliuzwa miaka ishirini iliyopita.

"Imefika," Errol akasema njiani. Baada ya kilomita ishirini akasema tena, "Mimi naona imefika."

Tulirudi saa kumi na nusu. Lindsay alikuwa amezing'oa paneli zote nne kwenye paa kwa mikono yake na kuzitandaza juani mbele ya kambi nzima, wakiwamo watu wa jana, nao wakimchungulia. Dishi la setilaiti lilikuwa linawaka. Ukurasa wa klabu ulikuwa umefunguliwa mezani, unamngoja dada, na Lindsay hakushika saa.

"Pendarra wameshinda," akasema. "Kwa pointi moja."

Dada alipiga yowe nililolisikia mara ya mwisho tukiwa wasichana. Alinikumbatia, akamkumbatia Errol, akamkumbatia hata Lindsay. Timu zote nne alizochagua zilikuwa zimeshinda. Zote nne! Kisha akainama kutafuta jina lake kwenye orodha, na nikaona mgongo wake ukinywea.

Mkeka haukufika. Alipewa timu za ugenini, na za ugenini zilishinda mbili tu. Coralie alikuwa amepata zote nne, na Pendarra ikiwamo. Kiatu kimekwenda, kwa pointi moja.

Dada akakaa kwenye ngazi ya mlango. Hakulaumu mtu. Alisema tu, "Baba atakaa chooni milele," kisha akalia, mtu mzima wa miaka sabini, kwa kwikwi. Nilipoanza habari ya waya akanipungia mkono ninyamaze. Nilimchukia Lindsay jioni ile kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu, na mimi mwenyewe nilijiweka nafasi ya pili. Yeye alisimama pale na bisibisi mkononi. Mara nyingi nimetamani anyamaze. Siku aliyonyamaza sikuifurahia.

Siku nne za kurudi nyumbani hatukuzungumza ila habari za petroli na kangaruu. Tulifika Jumatano. Alhamisi asubuhi nilimsikia shemeji nje akifungua nati. Alipakia vitu kwenye tela, akafunika kwa turubai, akaondoka bila kuaga. Jioni akarudi na tela tupu, akaingia jikoni tulipokuwa tunamenya viazi, akaweka kiatu cha baba mezani.

"Coralie ananunua nyumba ya magurudumu," akasema. "Anakwenda Queensland mwezi ujao. Nimempa betri."

"Zote mbili?" dada akauliza.

"Na paneli. Na dishi."

"Na kile kijisanduku?"

"Alikitaka. Ila dungusi alisema si ya kiatu, ni yake. Akaniambia nimng'olee."

Tukatazama mikono yake. Ilikuwa imejaa miiba mpaka kwenye viganja, na mmoja kidevuni, ambao mpaka leo hajaeleza ulifikaje.

Dada akakichukua kiatu, akamwaga udongo kwenye sinki, akaingiza pua ndani. "Kinanuka dawa ya choo," akasema, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Sasa mwakani simu tutachajia wapi?" nikauliza, maana mimi ni mtu mbaya.

Lindsay akafumba macho. "Kwenye soketi. Tutalipia kiwanja, kama watu."

Dada akaenda chumbani, akarudi na kibanio chake cha nyusi. Akamvutia kiti karibu na dirisha penye mwanga, akamshika mkono, akaanza kumtoa miiba.